Mwaka Niliokimbia kwa Mguu wa Wawira

Tulimzika Mwalimu Njiru kule Kianjokoma, Embu, siku ya manyunyu, yale yasiyofikia kuwa mvua wala yasiyokubali kuisha. Mkewe, Mama Wawira, ndiye aliyenipigia simu. "Kagendo, Mwalimu ametuacha. Kuja," alisema, akakata, maana hakuwahi kuwa mtu wa maneno mengi. Nilifunga kioski changu hapa Nchiru, Meru, nikawaambia wanariadha wangu wajisimamie wenyewe, nikaenda. Baada ya mazishi barabara ilikuwa tope tupu, kwa hivyo nikalala kwao, katika chumba kile kile cha mbao nilicholala mwaka ule nilipokuwa msichana. Kulipopambazuka nikasikia mtu akikimbia barabarani, nje ya ukuta. Niliijua miguu ile kabla akili yangu haijaamka vizuri. Wa kulia ulikuwa ukitua wazi, wa kushoto ukichelewa kidogo na kukwaruza changarawe kwa ncha ya kiatu. Ilipanda kuelekea msituni, ikageuka, ikarudi, ikapita tena. Labda alikuwa mtoto wa shule tu. Sikufungua dirisha, na nilipomkuta Mama Wawira jikoni, hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu.

Watu ninaowafunza siku hizi wananiona mwoga. Ni kazi ya kujitolea, ndiyo maana nawafokea bila hofu ya kufutwa. Tunakutana asubuhi karibu na hosteli za chuo: wanafunzi, mwendesha bodaboda mmoja mwenye kitambi, na muuguzi anayetoka zamu. Wote wanajiandaa kwa marathoni, na wote wanataka kunionyesha saa zao, sijui kasi, sijui mapigo ya moyo. Mimi nataka kuona nyuso. Namsimamisha kila mmoja mbele yangu, namtazama macho, namuuliza amelala vipi na amekula nini. Mwenye homa namrudisha kitandani hata akinuna. Halafu nawalazimisha wazungumze wakikimbia. "Coach, hii ni training ama ni chama ya wamama?" aliniuliza siku moja kijana wa uhandisi anayejiona ameshafika mbio za dunia. Nikamwambia kwamba asiyeweza kusimulia alichokula jana anakimbia kasi isiyo yake. "Wacha hizo, coach, mimi niko fiti." "Basi nipatie stori ya hiyo ufiti yako tukipanda hii kilima," nikamjibu, na kabla hatujafika juu alikuwa amenyamaza, akapunguza mwendo mwenyewe. Wanacheka na kunitii. Sijawahi kuwaeleza nilikoyatoa masharti haya, kwa sababu nikianza itanibidi niseme yote, na yote hayasemeki asubuhi kabla ya chai.

Mwalimu Njiru alinichagua bila kuniona. Alikuwa amestaafu ualimu wa michezo, na macho yake yalikuwa yameingia utando mweupe hata akawa anajua mchana na kivuli tu. Kwenye mbio za nyika mjini Embu alisimama penye kona, uso ameuinamisha, mkono umeshika fimbo, na sisi wasichana tukapita kwa kundi tukihema. Sikuwa wa kwanza wala wa pili. Nilikuwa nyuma ya hema natapika maji wakati mama mmoja mrefu aliyefunga kitambaa kichwani alipokuja kunigusa bega. "Mzee wangu anakuita," akasema. "Anasema amekusikia." Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini mzee alinishika mkono, akaniambia niruke papo hapo, mara moja tena mara nyingine, naye akawa anatikisa kichwa polepole kama anayeonja mchuzi. Aliniambia kwamba mwisho wa mwaka kungekuwa na marathoni hapo mjini, na watakaofanya vizuri wangechukuliwa kambini kufunzwa na watu wa nje. Akasema nikija kukaa kwake atanifikisha. Nilizitaka mbio hizo kuliko nilivyotaka kula au kulala, na kule kwetu sikuwa na kingine cha kungojea. Kabla mahindi ya msimu huo hayajatoa ndevu nilikuwa nimehamia Kianjokoma.

Nyumba yao ilikuwa ukingoni mwa mashamba ya chai, mahali ambapo ukungu wa mlima unateremka asubuhi na wakati mwingine unasahau kupanda tena. Chumba changu kilikuwa na kitanda kilichotandikwa tayari, dirisha dogo linalotazama barabara, na msumari uliotundikwa jaketi ya kijani ya michezo. "Ni ya Wawira," Mama Wawira alisema. "Vaa tu. Baridi ya huku haina mchezo." Nilimuuliza Wawira yuko wapi, akasema, "Hayuko," na nikachukulia kwamba ameolewa mbali. Kule, kama kwetu, mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake, kwa hiyo jina lenyewe lilikuwa hewani kutwa. Wageni walibisha, "Mama Wawira!" Wauza maziwa waliuliza, "Baba Wawira amerudi?" Nililisikia jina hilo mara nyingi kuliko langu. Jikoni kulikuwa na kigoda karibu na figa, upande wa ukuta, na hapo ndipo nilipowekewa uji wa wimbi kila asubuhi, na nduma, na baadaye githeri yenye kabichi nyingi. Siku moja nilikaa kwenye benchi upande wa pili. Mama Wawira alisimama na kikombe mkononi, hakunipa, akangoja tu. Nilihamia kwenye kigoda, naye akanipa uji, tukaendelea kama vile hakuna lililotokea.

Sasa mafunzo yenyewe. Mwalimu alikaa kwenye benchi la saruji la banda la kupimia majani chai, ambalo asubuhi lilikuwa tupu, na mimi nikazunguka mbele yake, napanda hadi kwenye miti ya msitu na kurudi. Alikuwa na sharti moja kubwa, nisiongee. "Ukiongea nasikia mdomo," aliniambia. "Mimi nataka miguu." Na aliisikia kweli, siwezi kumnyima haki yake. Alijua kama kamba ya kiatu imelegea. Alijua nikiwa nimekunywa maji mengi kabla ya kutoka. Katika ukungu ambao mimi sikuona hata mkono wangu, sauti yake ilinijia kutoka upande wa banda: "Mabega chini. Usikanyage barabara kama unaichukia." Baadhi ya aliyonifunza nayatumia mpaka leo, kama vile kuanza polepole hadi uone aibu, na kuteremka mlima kwa hatua fupi. Lakini kulikuwa na neno moja alilolirudia kuliko yote. "Hiyo mguu ya kushoto inaharakisha. Iache ichelewe." Nilimwambia kwamba mguu wangu wa kushoto ulizaliwa hivyo. "Iache ichelewe, Kagendo. Itajua yenyewe." Nikauchelewesha, shingo upande, wiki baada ya wiki, na la ajabu ni kwamba nikawa mwepesi. Milima iliyokuwa ikinitoa roho nikawa naipanda nikiwa na pumzi. Asubuhi moja nilipopita banda nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, si kwangu, "Eeh. Hivyo." Nilifurahi siku nzima.

Mambo madogo ndiyo yaliyoanza kunitia wasiwasi. Mbwa wa boma zile, ambao tangu nifike walikuwa wakinifukuza kila asubuhi, waliacha kubweka. Hawakunizoea kwa kawaida ya mbwa, kwa kuja kunusa na kutikisa mkia. Walilala tu penye lango, wakainua kichwa niliposikika, wakakirudisha chini. Wachuma chai waliokuwa wakinisalimia kwa utani, "Msichana wa Meru, unakimbia nani?" sasa walinyamaza nilipokuwa nakuja, wakainamia majani mpaka nipite. Na alasiri moja, nikiwa nimelala kupumzika kama mkimbiaji anavyopaswa, nikawasikia Mwalimu na mkewe wakizungumza upande wa pili wa mbao. Walizungumza Kiembu, ambacho Mmeru hukielewa zaidi ya nusu. Mama Wawira aliuliza, "Amekaribia?" Mwalimu akajibu, "Amekaribia sana. Bado kwenye kona tu. Akifika kwenye kona bado ni huyu mwingine." Nilijiambia kwamba wanazungumzia mbio zangu. Nikajifunika kichwa kwa blanketi, na sikupata usingizi.

Halafu nyonga ikaanza kuuma. Ilikuwa upande wa kushoto, ndani kabisa, mahali usipoweza kupasugua. Mwanzoni iliuma nikipanda, baadaye hata nikikaa kwenye kigoda. Niliposimama mbele ya Mwalimu nikamwambia nimechoka na naomba kupumzika siku chache, aliinamisha uso kama kawaida yake. "Kimbia kidogo nisikie," akasema. Nikakimbia hadi kwenye lango na kurudi, nikiuma meno. "Miguu yako inasema hujachoka," akasema kwa upole, naye alikuwa mtu mpole, sijawahi kumsikia akipaza sauti kwa hasira. "Ongeza raundi moja tu." Nikaongeza, na nilipomaliza nililazimika kushuka ngazi za banda kwa makalio.

Aliyenifungua macho ni Cucu Marigu, bibi kizee mchuma chai ambaye shamba lake lilipakana na barabara. Siku hiyo nilikuwa natembea, nachechemea, naye akatoka katikati ya chai na kikapu mgongoni, akanishika mkono wa jaketi ile ya kijani. Hakunitazama mimi, aliitazama jaketi. "Wewe ni wa nani?" akauliza. Nikamwambia mimi ni Kagendo, nimetoka Nchiru. "Sasa Kagendo, mbona unatembea na mguu ya huyu msichana wa Njiru?" Nikamuuliza kama Wawira alikuwa mkimbiaji. Akaniangalia kwa mshangao wa mtu aliyedhani jambo linajulikana. "Wawira alianguka hapo," akasema, akaonyesha kwenye kona ya juu, penye mti wa mwisho kabla ya msitu. "Alikuwa na homa. Asubuhi nilimwona, uso ilikuwa imekauka kabisa. Alimwambia babake amechoka. Lakini Njiru macho yalikuwa imeenda, akasikiliza tu, akamwambia miguu yako inasema hujachoka. Akaongeza raundi. Tulimtoa hapo na machela ya magunia." Aliniachia mkono, akajipangusa kiganja kwenye sketi. "Alikuwa na hiyo mguu tangu aumie akiwa mdogo. Hata sisi tukiwa ndani ya chai tulikuwa tunamjua akipita. Na tangu mwezi uliopita tunamsikia tena." Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Nilikwenda jikoni moja kwa moja. Mama Wawira alikuwa anachambua maharagwe kwenye uteo. Nikamwambia nimesikia habari za Wawira, na kwamba ananiua polepole huyu mzee, nyonga yangu imekwisha. Aliendelea kuchambua kwa muda. "Hajui anakufanya hivyo," akasema. "Yeye anadhani anakufunza kukimbia vizuri. Kwake yeye vizuri ni hivyo." Nikamuuliza kwa nini yeye mwenye macho hakumwambia. Akaweka uteo chini. "Mimi nina macho, mwari wakwa. Najua wewe si yeye, nakuona na hicho kichwa chako kigumu. Lakini asubuhi ukipita hapo nje nikiwa na moto, mimi hufumba." Mwari wakwa maana yake binti yangu, na lilikuwa neno la kawaida tu la mama kwa msichana yeyote, lakini siku hiyo lilinichoma. Hakulia. Alisema nikitaka kwenda atanisindikiza hadi barabara kubwa, na nikitaka kubaki mpaka mbio zifike atanikanda nyonga kwa maji ya moto. Mbio zilikuwa karibu sana. Ningerudi Nchiru ningerudi kuuza sukari kwa vijiko. Nilikaa.

Nilichokusudia ni kukaa kwa ujanja, nikimbie kwa mguu wangu Mwalimu akiwa hayupo, nikae na miguu yote miwili, wangu na wake, mpaka siku ya mbio. Asubuhi moja nikatoka mapema, kabla hajafika bandani, nikapanda ndani ya ukungu nikijaribu kukimbia kama nilivyokimbia zamani. Sikuweza. Nilikuwa nimesahau. Jaribu wewe kukumbuka unavyotembea, uone. Kila nilipouharakisha mguu wa kushoto, masikio yangu yalisikia ule mwingine, unachelewa, unakwaruza. Karibu na mti wa mwisho nikakata tamaa, nikasimama ghafla. Miguu ikaendelea kidogo mbele yangu ndani ya ukungu, ikapanda, kisha ikanyamaza. Wanangu wa kuzaa wameniambia ni mwangwi. Huenda ni kweli, ingawa nimewahi kwenda kupiga kelele mahali pale mchana kweupe na sikujibiwa na kitu. Nilirudi nikitembea, na tangu siku hiyo nikalala taa ikiwaka.

Siku ya mbio Mwalimu aliomba awekwe mtaa wa Majimbo, kando ya barabara, mahali ambapo wakimbiaji wangepita wakielekea kumalizia uwanjani. Mama Wawira alimpa kigoda na chupa ya chai, yeye akaenda kunisubiri kwenye utepe. Mimi nilianza polepole hadi nikaona aibu, kama nilivyofunzwa, na baada ya nusu ya safari nikaanza kuwaokota waliotangulia, mmoja mmoja. Mguu ule wa kukopa ulinibeba kama mfalme. Tulipoingia barabara ya kurudi mjini nilikuwa wa pili, na wa kwanza namwona mgongo, na nyonga ilikuwa inawaka moto hata nikawa naona vidoti. Mikono ilianza kufa ganzi. Nilikumbuka uso uliokauka ambao sikuwahi kuuona. Nikajua kabisa, kwa namna mwili unavyojua, kwamba nikiendelea hivyo nitaanguka kwenye kona fulani na watu watanibeba kwa magunia. Basi nikafungua mdomo. Kwa mwaka mzima sikuwa nimeongea nikikimbia. Nikaanza kusema Kimeru kwa sauti, maneno ya ovyo tu, jinsi ya kuchagua ndizi za kupika, majina ya watu wa soko letu, matusi madogo ya utotoni. Mwanamume aliyekuwa akitugawia maji alidhani nimerukwa na akili. Wawira hakujua Kimeru. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu. Na pumzi zikajipanga kwa maneno, na miguu ikazifuata pumzi, na mahali fulani kabla ya Majimbo mguu wangu wa kushoto ukaanza kuharakisha, kwa ujinga wake wa kuzaliwa. Ulikuwa mzito, mbaya, na wangu. Wasichana wawili wakanipita, nikawaacha waende.

Nilimwona Mwalimu kutoka mbali. Amekaa kwenye kigoda, uso ameuinamisha, sikio limeelekea lami. Nilipita karibu naye kiasi cha kuweza kumgusa kofia, nikisema mambo yangu ya ndizi, naye hakuinua kichwa. Nilimaliza wa nne. Watu wa kambi walichukua wa kwanza hadi wa tatu, na mimi nikanywa maji, nikalala kwenye nyasi nikicheka na kulia, Mama Wawira akinikanda mguu. Wakimbiaji wa mwisho kabisa walipokuwa wamekwisha kufika, na polisi wamefungua barabara, akaniambia, "Nenda ukamchukue."

Bado alikuwa vile vile, chai haijafunguliwa. Nilichechemea hadi kwake, akauliza, "Nani?"

"Ni Kagendo, Mwalimu. Wamekwisha wote."

"Hapana. Hajapita. Nimesikiliza kila mmoja."

"Mimi nimepita kitambo. Nilikuwa wa nne."

Pikipiki zilipita. Nikaona itakuwa ni kumdhihaki nisipolisema, nikachuchumaa mbele yake. "Mwalimu, Wawira alikufa."

"Najua," akasema. "Mimi ndiye nilimwambia aongeze." Akaupapasa uso wangu kwa vidole, paji, macho, mdomo uliokauka, kama mtu anayetafuta swichi katika nyumba ya wenyewe. Alichukua muda mrefu. "Lakini alikuwa anakimbia," akasema. "Mwaka huu wote, kila asubuhi, nimekuwa nikimsikia. Kwa hivyo ni leo."

"Ni leo nini?"

"Ni leo amekufa."

Kisha akalia pale barabarani, mzee mzima, mchana wa jua, watu wakipita na chupa zao za maji na namba zao vifuani, na mimi nikamshika mabega mpaka mkewe akafika.